Kijana wa Mvuto

Paliondokea nchi, na kwa kadiri tunavyojua bado haijaondoka, ambayo raia wake walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Kiongozi wake aliitwa Mlezi Mkuu, kwa sababu alikuwa amewalea watu wake muda mrefu kiasi kwamba wengi hawakumbuki nani alikuwepo kabla yake, na wanaokumbuka hawasemi. Mlezi huyo alipenda kusafiri. Kila aliporudi alileta zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa sheria.

Safari moja matajiri wa ng'ambo walimtembeza katika nyumba zinazouzwa huko kwao. Akaona kuta nyeupe, akaona bakuli la malimau mezani, akasikia harufu ya mkate wa moto ikitoka jikoni ingawa jikoni hapakuwa na mtu. Matajiri wakamwambia kwa adabu kwamba wao nao wangependa kununua nyumba nchini mwake, ila nyumba za huko zina kasoro moja: ukiingia tu, unaona kama kuna watu wanaishi humo. Mlezi Mkuu aliona aibu. Ndege haijatua amekwisha kuunda Idara ya Mvuto, na tangu siku hiyo ikawa kosa kuuza nyumba, iwe ya ghorofa au ya udongo, kabla idara hiyo haijaiandaa ikapendeza machoni mwa mnunuzi.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkuta Mzee Shaame.

Shaame alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Shukurani, mtaa ambao zamani uliitwa Mtaa wa Kisima, kabla kisima hakijakauka. Nyumba yake ya vyumba vinne aliijenga yeye na mkewe, Bi Sikudhani, tofali kwa tofali, kwa suruali za watu wengine. Uzeeni akaingiwa na mtoto wa jicho, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Hospitali ya macho ilikuwepo mjini, tena nzuri; Mlezi Mkuu aliifungua mara nne. Mashine ya kupasulia ilikuwa ukumbini, imefungwa utepe mwekundu, na kila mgonjwa aliruhusiwa kuitazama, kama anaona.

Binti yao Raya, aliyeolewa nchi ya jirani, alipata daktari huko. Daktari alipotazama vipimo alisema jambo lenyewe si kubwa, ila lisichelewe. Presha imekwisha kuanza ndani ya jicho, na yakipita masika haya bila kupasuliwa, basi tena. Njia ya kufika kwa daktari huyo ilikuwa moja tu, kuuza nyumba na kuhama.

Bi Sikudhani hakutaka kusikia. Yeye na Shaame walikuwa na mtoto mwingine, Mbwana, mwalimu wa shule. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara Mbwana aliuliza kwa nini bomba lililofunguliwa na Mlezi Mkuu lilitoa maji siku ya kufunguliwa tu. Kesho yake waungwana wawili walibisha hodi. Walisema kwamba, kwa kuwa kijana anapenda maswali, serikali nayo inayo machache ya kumwuliza. Wakampeleka Makao ya Maswali. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Serikali ile haikuwa na papara. Ilikuwa ikiuliza taratibu.

"Akirudi akute mlango una wenyewe wengine," Bi Sikudhani alimwambia mumewe, "atambishia hodi nani?"

Mambo yakabaki hivyo, mpaka asubuhi moja Shaame alipojimiminia chai ya moto mkononi akidhani ni kikombe. Bi Sikudhani alimpaka asali, akamfunga kitambaa, akakaa akiushika ule mkono mapajani mwake. Kisha akasema neno moja: "Uza."

*

Mkaguzi aliyeletwa na Idara aliitwa Bwana Sururu. Alikuwa mnene, mpole, mwenye suti ya rangi ya maziwa na leso ya kujifutia kiganja kila alipogusa kitu cha mtu.

"Mzee wangu," alimwambia Shaame, "nyumba inayouzwa ni bibi arusi. Mnunuzi akifunua shela hataki kukuta historia."

Basi historia ikaanza kutolewa. Ilitoka mikeka, ukatoka mtungi, ikatoka kalenda ya msikiti, yakatoka matone ya macho ya Shaame kwa kuwa chupa ya dawa humkumbusha mnunuzi kwamba ataugua. Picha ya arusi ya wenye nyumba ilishushwa, ikapandishwa picha ya familia isiyojulikana, watu wanne na mbwa, wote wakionyesha meno. Kuta zinazoonekana kutoka langoni zilipakwa chokaa mpya. Za nyuma ziliachwa, maana mnunuzi mwenye adabu hazunguki nyuma ya nyumba ya mtu.

Mezani liliwekwa bakuli la malimau. Shaame aliyapapasa, akashukuru moyoni kwamba angalau katika balaa lile wamepewa malimau, na mchana akachukua moja akalikata akamulie samaki. Lilikuwa la nta. Alipewa onyo la maandishi kwa kuharibu mali ya umma, akasomewa kwa sauti kwa kuwa hakuweza kulisoma mwenyewe.

Kisha ukaletwa mkebe wa harufu ya mkate. Mkate wenyewe ulikuwa umeadimika mjini tangu mwaka uliopita. Serikali ilieleza kwamba umekwenda kuboreshwa. Sururu aliufungua mkebe asubuhi, akauweka jikoni, akaondoka kwenda kupata kifungua kinywa. Kufika saa sita foleni ilikuwa imetoka langoni kwa Shaame hadi kona ya posta. Watu walishika vikapu, kina mama wana watoto mgongoni. Bi Sikudhani alitoka kuwaambia hakuna mkate. Hawakumwamini, pua zao zilikuwa mashahidi. Mwanamke mmoja alimvuta pembeni akamwomba walau ukoko wa chini ya tanuri, ule ulioungua, si kitu. Bi Sikudhani akampa muhogo uliobaki jana, na wengine walipoona muhogo wakasukumana, lango likaanguka.

Polisi walikuja wakaitawanya foleni kwa virungu. Mtu mmoja alibebwa. Jioni Sururu aliandika katika taarifa yake kwamba nyumba ile ina mvuto usio wa kawaida: siku ya kwanza tu imevuta watu mia mbili.

*

Kilibaki chumba cha Mbwana. Bi Sikudhani alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akakawia kuufungua. Ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa, wala hapakuwa na vumbi. Sururu aliuliza ni chumba cha nani. Shaame akasema ni cha mtoto wao. Sururu akauliza mtoto huyo yuko wapi.

"Kwenu," alijibu Bi Sikudhani.

Sururu hakukasirika. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa mkubwa wake wa kazi. Akaeleza kwamba chumba cha mtu asiyekuwepo humfanya mnunuzi awe na maswali, na maswali nchini humo yalikuwa na ofisi yake. Kukiacha kitupu nako si vizuri, kwani nyumba itaonekana imekata tamaa. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba hakuna kinachouza nyumba kama kijana aliyetulia, mwenye kitabu mbele yake. Idara ingewapatia mmoja bila malipo. Serikali ilikuwa nao wengi, wamekaa tu.

Shaame alitaka kuuliza wamekaa wapi, lakini alikwisha kujua.

Kijana aliletwa katika gari lisilo na madirisha. Alivishwa shati jipya, na kile kipande cha kadibodi cha dukani kilikuwa bado kiko chini ya kola, kwa hiyo hakuweza kugeuza shingo vizuri. Machoni mwa Shaame alikuwa kivuli chembamba tu kinachonuka sabuni ya dawa. Koplo aliyekuja naye alitiliwa saini ya kupokea mapambo: bakuli moja, malimau matano na moja lililokatwa, kijana mmoja. Kijana akaketishwa mezani, mguu wake ukafungwa mnyororo mwembamba kwenye mguu wa meza, kisha kitambaa cha meza kikashushwa mpaka sakafuni. Sururu akarudi nyuma hatua mbili, akatazama, akasema sasa chumba kimepata uhai.

Kijana aliagizwa kuwaita wenye nyumba Baba na Mama. Kwa wanunuzi aliruhusiwa sentensi moja, kwamba amelelewa vizuri katika nyumba hii. Koplo alipewa godoro la ukumbini, ahakikishe haongezi neno.

Siku za kwanza Bi Sikudhani hakuingia chumbani humo. Alipika, akaacha sahani mlangoni, koplo akaichukua akaipeleka ndani. Shaame alimsikia akipita na kurudi bila kusimama, na usiku alimsikia hajalala, wala yeye hakulala. Kulikuwa na mtu anapumua katika chumba cha Mbwana, na hakuwa Mbwana.

Siku moja Bi Sikudhani alimwuliza koplo ni nani anayeziosha sahani kabla ya kuzirudisha. Koplo akasema haoshi mtu. Yule kijana huzilamba.

Tangu hapo chakula alikipeleka mwenyewe. Shaame, akiwa ukumbini, alimsikia mkewe akisema, "Kula taratibu, mwanangu. Hakuna wa kukunyang'anya." Na kijana akajibu kwa sauti ya chini kwamba jina lake ni Faki, ili amwite hilo pale wasiposikika.

*

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mabati. Aliyasifia malimau, akamsikiliza Faki akisema sentensi yake, akaona jiko ni dogo, akaenda zake. Shaame alisononeka. Masika yalikuwa karibu, na ule ukungu machoni ulikuwa umeanza kuuma kwa ndani.

Sururu akamtuliza. Alisema wanunuzi watakuja, na siku nyumba itakapouzwa yeye mwenyewe atafika kuyahamisha mapambo kwenda nyumba nyingine.

"Na huyu kijana?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Mama, mapambo yote ni mali ya serikali. Nyumba ikiuzwa, yanarudi yalikotoka. Isipouzwa, yanakaa. Bakuli litarudi bohari, na kijana atarudi Makao."

Alasiri ya siku hiyo koplo alishiba wali wa nazi akalala barazani, bunduki mapajani. Shaame alikaa chumbani kwa Faki akipukuchua kunde, kazi pekee ambayo mikono yake ilikuwa bado inaiweza. Bi Sikudhani aliingia, akafunga mlango, akasimama mbele ya kijana. Shaame alijua atauliza nini. Alishangaa tu kwamba alivumilia siku zote hizo.

"Huko ulikokuwa," alisema, "kuna mtu anaitwa Mbwana? Mwalimu. Mrefu, ana kovu kwenye nyusi."

Faki alikifunga kitabu kilichokuwa mbele yake.

"Nilikuwa naye chumba kimoja, Mama," alisema.

Akawaeleza kwa sauti ndogo, jicho kwenye mlango. Ilikuwa mwaka wa pili wa Mbwana huko, wakati wa masika. Maji yaliingia chumbani yakafika magotini, na watu walilala kwa zamu juu ya benchi moja. Mbwana akapata homa. Walipogonga mlango kuomba daktari, waliletewa mtu mwenye kalamu akamwuliza mgonjwa maswali mpaka akachoka yeye mwenye kalamu. Usiku wa nne homa ilimshinda.

"Alikuwa akikoroma," alisema Faki. "Tulikuwa tukimlalamikia, chumba ni kidogo. Usiku alipoacha kukoroma, hakuna aliyelala."

"Amekoroma tangu mtoto," alisema Bi Sikudhani. "Ni pua. Nilikuwa nikimlaza ubavu."

"Hata sisi tulikuwa tukimlaza ubavu, Mama."

Shaame aliendelea kupukuchua. Baadaye kidogo aligundua kwamba alikuwa akiyatupa maganda kwenye bakuli na kunde sakafuni, akaacha. Miaka minne mtoto wake alikuwa maiti, na miaka hiyo minne walikuwa wakimtandikia kitanda. Alinyoosha mkono amtafute mkewe, akamkosa. Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kutoka.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ule ukuta ambao haukupakwa chokaa. Amekaa chini, pindo la kanga limejaa mdomoni. Kuweka matanga katika nyumba inayouzwa kulikuwa kosa. Kilio hushusha bei. Shaame aliketi karibu naye, bega kwa bega, wakamwombea mtoto wao kimoyomoyo, wakarudi ndani kabla koplo hajaamka.

*

Haukupita muda Sururu akaja anacheka. Amepatikana mnunuzi hasa: mkurugenzi wa bandari, anatafuta nyumba ya kumweka mke wa pili. Atakuja kesho, na akipenda atalipa hapohapo. Sururu alishauri wenye nyumba waoge.

Jioni Bi Sikudhani alifungasha. Shaame alisikia begi likifungwa, kisha mkewe akaja kukaa naye.

"Tuuze, Baba Mbwana," alisema. "Sina tena wa kumngojea hapa. Twende kwa Raya, ukapasuliwe macho. Nimebakiwa na wewe tu."

"Na huyu je?"

Bi Sikudhani alilivuta begi karibu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Huyu ana mama yake. Mimi nilizaa mmoja wa kuchukuliwa, nikamlipa. Siwezi kubeba na wa wenzangu."

Shaame hakumlaumu. Alijua ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiitaka safari ile, yeye aliyemshawishi, yeye aliyeungua mkono. Aliinua kiganja mbele ya uso. Vidole vilikuwa bado vinaonekana, vitano, kama miti ndani ya ukungu. Daktari alisema jambo lenyewe si kubwa.

Mkurugenzi alifika na manukato yaliyoingia kabla yake. Hakuwa mtu wa kuchelewa. Aliona malimau, akaona familia ya watu wanne na mbwa, akavuta harufu ya mkate, akasema hapa ndipo. Chumbani Faki alisema kwamba amelelewa vizuri katika nyumba hii. Mkurugenzi akampigapiga begani, kama mtu anavyopiga tairi, akatoka ukumbini akaketi. Sururu alikwisha kutoa karatasi za mauzo. Mkurugenzi, kalamu mkononi, akauliza kwa desturi tu majirani wakoje.

"Majirani ni wema, Mheshimiwa," alisema Shaame. "Lakini hata pasipo majirani hutakuwa mpweke hapa. Serikali inaijua sana nyumba hii. Mwanetu wa kuzaa aliitwa Makao ya Maswali kutoka chumba hicho hicho ulichotoka, na tangu hapo waungwana wa Makao hawajatutupa mkono. Huja kututazama. Huuliza nani amelala, nani amepita, amesema nini kwa nani. Anwani wanayo kwenye vitabu vyao, na wana bidii, hawafuti walichoandika. Atakayehamia humu watamfahamu siku hiyohiyo. Mimi nawasifu kwa hilo."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mkurugenzi alitazama dari, akatazama taa, akatazama lile bakuli la malimau kama lina sikio. Aliporudi kusema alisema kwa kunong'ona, kwamba amekumbuka kikao. Gari lake liliondoka mlango mmoja ukiwa bado wazi.

"Mzee," alisema Sururu, leso mkononi, "umesema nini?"

"Nimeisifu serikali."

Sururu alifungua kitabu cha sheria akakipekua mbele mpaka nyuma. Hapakuwa na kifungu kinachokataza kuisifu serikali, wala hakuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kupendekeza kimoja. Mwisho aliandika kwamba nyumba inahitaji maandalizi zaidi, na mapambo yote yabaki mahali pake hadi itakapopata mnunuzi.

Bi Sikudhani hakusema na mumewe siku nzima. Usiku ulipoingia alimwandalia chakula, akamshika mkono akauongoza kwenye sahani, na hapo hakuuachia.

"Macho yako, Baba Mbwana."

"Macho ni yangu, nikiyatoa nimetoa changu," alisema Shaame. "Yule si wangu kumtoa."

Masika yakaingia. Jicho la kulia lilikufa wiki ya kwanza, tena kwa maumivu. Alilifunga kwa kanga yenye maji baridi akajizuia kulia ili koplo asiandike kwamba nyumba ina sauti. La kushoto lilikwenda polepole. Jioni moja Bi Sikudhani aliwasha taa, na Shaame, aliyeketi mbele yake, akamwomba awashe taa. Raya alilia kwenye simu. Baba yake alimwambia soko la nyumba ni gumu.

*

Habari haikai mfukoni. Majirani walianza kujiuliza kwa nini nyumba ya Shaame haiuziki, na kwa nini Bi Sikudhani ananunua samaki wa watu wanne. Mmoja alielewa, kisha wawili. Kabla ya mwaka kuisha karibu kila nyumba mtaani ilikuwa na kibao cha kuuzwa, na wenye nyumba wakiililia Idara kwamba nyumba zao hazina mvuto hata chembe, bila kijana hazitauzika. Wengine waliomba msichana. Wengine waliomba mzee, kutegemea waliyempoteza. Idara haikumpa yeyote mtu wa kwake, kwa kuwa kanuni ilikataza pambo linalofanana na mwenye nyumba. Kwa hiyo kila mmoja alimlisha mtoto wa mwenzake, akiomba kwamba mahali fulani yupo anayemlisha wa kwake. Hazikutosha nyumba. Makao yalikuwa na watu wengi kuliko mji ulivyokuwa na vyumba.

Wala haikuuzwa hata moja. Mlezi Mkuu aliposomewa takwimu aliwahutubia wananchi uwanjani.

"Walisema nchi hii haina mtaji," alinguruma. "Leo mji mzima unauzwa. Nitajieni nchi nyingine duniani yenye kujiamini kiasi hicho."

Watu wakapiga makofi kwa muda uliopangwa.

Wakati huo Bi Sikudhani alikuwa amemwuliza Faki kwao ni wapi, na sokoni akamtafuta mchuuzi wa dagaa anayetoka upande huo, akamnunulia dagaa asiowahitaji, akampa maneno machache ya kupeleka.

Mwezi haukwisha akaja mnunuzi mwanamke, peke yake. Bi Sikudhani alimweleza Shaame baadaye jinsi alivyokuwa: miwani ya jua, mkoba wa kuazima, bangili za rangi ya dhahabu, na visigino vilivyopasuka kama shamba la kiangazi. Koplo alimwandika. Mwanamke alizunguka bila haraka. Aliuliza habari ya maji. Alifungua kabati akalifunga. Malimau hakuyatazama kabisa. Shaame alimfuata nyuma, mkono ukutani, akisikiliza bangili zile zinavyotetemeka.

Walipoingia chumba cha mwisho bangili zikanyamaza. Kiti kilisogea, mnyororo ukalia chini ya kitambaa. Faki alisema kwamba amelelewa vizuri katika nyumba hii, lakini hakuifikisha mwisho sentensi. Sauti ilimkatikia katikati, akaanza upya.

"Naona," alisema mwanamke.

Kisha akamwuliza koplo kama mnunuzi anaruhusiwa kugusa. Koplo alifikiri, akasema kanuni inaruhusu kugusa mapambo, mradi lisivunjike kitu. Shaame hakuona kilichofuata. Alisikia hatua mbili, halafu hakusikia tena chochote isipokuwa watu wanavyopumua, kwa muda mrefu kuliko mtu anaohitaji kukagua chumba. Koplo alikohoa. Aliuliza kama mama ameamua.

Mwanamke alijibu kwamba chumba amekipenda, ila bei itabidi aifikirie. Alikuwa hana papara. Angerudi mwezi ujao kuitazama tena, na mwezi wa pili yake, maana nyumba si kitu cha kununua kwa kukurupuka. Koplo aliandika: mnunuzi makini.

Langoni alisimama mbele ya Shaame akamshika mkono, ule wenye kovu la chai, akaubana kwa mikono yake yote miwili iliyolowa.

"Mwenye nyumba," alisema polepole, "nakuomba usipunguze bei."

"Nitaipandisha," alisema Shaame.